Mstari Unaoanzia Kulia

Chumba cha kupanga, nyuma ya kituo cha mabasi
4 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimefika salama, mimi na mgongo wangu, ingawa mgongo bado unalalamika. Usiniulize kwa nini sijapiga simu. Ni wewe uliyesema simu inakupigia filimbi sikioni, na nikipiga unajibu "ndiyo" kwa kila kitu, hata nikikuuliza umekula nini. Basi tuandikiane kama watu wa zamani. Nisalimie mama wa duka la dawa, mwambie vitu alivyonifungia vya kula njiani nilivimaliza kabla hatujatoka mjini.

Chumba changu kina kitanda, meza yenye mguu mmoja mfupi, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Situlii humu. Nikikaa nataka kusimama, nikisimama nataka kutoka, nikitoka sijui nashika njia ipi. Mwenye nyumba amenishauri nipunguze chai.

Lililonileta unalijua, lakini nalirudia kwa sababu siku ya kuagana ulijifanya unatafuta brashi. Tulipomzika mama, viti vya jamaa vilipangwa mstari wa mbele, na jamaa tulikuwa wawili, wewe na mimi. Vilivyobaki walivikalia majirani kwa kutuonea huruma. Tangu siku ile roho yangu iko juu juu. Babu alizaliwa mji huu, akaondoka akiwa mtu mzima na ufundi wake wa kuandika vibao mkononi. Haiwezekani awe aliota tu kama uyoga. Nataka ndugu, Mjomba. Hata mmoja. Hata akiwa mwenye gubu.

Ofisi ya serikali nimekwenda. Karani alinisikiliza vizuri, kisha akasema habari za miaka hiyo hawana, na hata wangekuwa nazo, jina la babu ni jina la nusu ya mji. Kwa hiyo natembea. Nauliza wazee, nauliza wenye maduka, wananielekeza kwa wengine ambao nao wananielekeza kwa wa kwanza.

Nijibu hili moja, bila kunizungusha: Babu aliacha mtu huku?

Mpwa wako


Karakana
15 Februari

Mpwa wangu mtukutu,

Marahaba. Nimefurahi kwamba umefika na mgongo umefika. Huku tuko wazima, mimi na paka, na paka kanizidi uzima. Mama wa duka la dawa anasema mtu anayemaliza chakula kabla ya safari kuanza hawezi kupotea, atarudi tu.

Yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi hatimaye kaamua. Kibao cha njano, herufi za buluu. Amenitoa jasho mtu yule. Mara alitaka kijani, mara "niandikie kubwa lakini isipige kelele." Nikamwambia basi nikuandikie kwa kunong'ona. Chaki nimeshapiga, karibuni napanda juu. Usiniulize nani atanishikia ngazi. Mimi na ngazi hii tunajuana tangu wewe hujazaliwa.

Kuhusu swali lako: baba alisema huko hakuna mtu. Nilimuuliza nikiwa kijana, akasema hakuna mtu, akaendelea kusafisha brashi zake, na mimi sikulelewa kumuuliza mzazi mara mbili. Sasa wewe unazunguka miji ya watu kutafuta ndugu, na mimi hapa ni nini, chupa? Tuko wawili na tunatosha. Hata kugombana tunaweza, na kununa, na kupatana.

Uliza hapo mahali pawili patatu, uridhike, upande gari urudi. Brashi yako ndogo nimeiweka kwenye mafuta isikauke.

Mjomba wako


Chumba kingine, juu ya duka la fundi cherehani
27 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Pole na mtu wa njano. Tafadhali usipande peke yako, mwombe hata muuza magazeti akushikie. Najua utasema ndiyo na hutafanya.

Nimehama. Kile chumba kilinibana. Hapa cherehani zinanguruma mchana kutwa, angalau nasikia kwamba kuna mtu anafanya kazi ya maana. Fundi anakusalimu, nimemsimulia habari zako mpaka anadhani anakufahamu.

Sasa kaa kitako. Juzi nilipita karibu na mashine ya kusaga, upande wa soko la zamani. Juu ya mlango kuna maandishi yaliyofifia, huwezi kuyasoma mpaka usogee na kukunja macho. Chini ya maneno kuna mstari. Mjomba, mstari ule umeanzia kulia! Unene uko kulia, mkia mwembamba unaishia kushoto.

Wewe na mimi tunajua hakuna fundi mwenye akili timamu anayepiga mstari hivyo. Wote wanaanzia kushoto. Babu alianzia kulia kwa sababu alitumia mkono wa kushoto, na kwake ndiyo ilikuwa njia nyepesi. Wewe unatumia wa kulia, ukamwiga hivyo hivyo, ukipinda kiwiko kama mtu anayejikuna mgongo. Nikaja mimi, wa mkono wa kulia pia, nikakuiga wewe. Kosa letu hilo limetuchekesha na kutuchekeshea wateja miaka yote. Nilisimama pale kwenye vumbi la unga nikalia, na mwenye mashine akaniletea kigoda.

Lakini subiri, sijamaliza. Nilipoinuka nikavuka barabara kwenda kunawa uso kwa kinyozi. Kibao chake ni kipya, rangi bado inanukia, nilipogusa ilinishika kidoleni. Na chini ya maneno kuna mstari. Umeanzia kulia!

Nikamuuliza kinyozi, "Nani kakuandikia?"

"Kiroboto."

"Kiroboto gani?"

"Mzee Kiroboto. Yupo mmoja tu, na anatutosha. Hakai mahali pamoja yule."

Ametoka kwenda kuandika shule moja nje ya mji, haijulikani atarudi lini. Mjomba, Kiroboto ni nani?

Mpwa wako, ambaye hata kuketi hawezi


Hapo hapo juu ya cherehani
19 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Natumai u mzima, maana sijapata barua yako. Nimekwenda posta mpaka dada wa dirishani akiniona anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Kama umeninunia, nuna kwa maandishi.

Nimempata. Nilimkuta juu ya ngazi kwa mziba pancha, ananyoosha herufi. Mzee mrefu, mwembamba. Bila hata kutazama chini akasema, "Wewe uliyesimama bure hapo, shika ngazi hiyo." Nikashika. Alipofika kwenye mstari akapinda kiwiko, akaanzia kulia.

Nikamuuliza, "Mzee, mbona unaanzia huko?"

"Ndivyo baba alivyokuwa akiandika."

"Yeye ndiye aliyekufundisha?"

"Afundishe wapi? Aliondoka mimi sina hata meno ya mbele. Nilikuwa nazunguka mji nikifuata kuta alizoziandika, napitisha kidole. Kuta ndizo zilizonifundisha."

Nikamwambia mimi ni nani, na mama yangu alikuwa nani, na wewe ni nani. Hakushuka. Alibaki juu kule na brashi inamdondokea suruali, mpaka mziba pancha akaniuliza kama mzee ameganda. Aliposhuka akanitazama, nami nikamtazama, na Mjomba, ana sikio lako! Lile la kulia linalojitokeza kama linaita teksi.

Ni kaka yako. Baba mmoja, mama tofauti, na yeye ndiye mkubwa. Mama yake alifariki zamani, mke wake naye ametangulia, watoto hawakupata. Jina la Kiroboto alipewa na babu mwenyewe, kwa kuwa hakuwa akitulia. Bado hatulii. Akikaa, mguu mmoja unacheza peke yake.

Nilijiandaa aniulize mambo mengi. Babu aliugua nini, amezikwa wapi, kwa nini hakurudi. Hakuuliza hata moja. Aliniuliza neno moja tu, "Alinitaja?"

Nikasema nitakuuliza wewe. Sasa asubuhi namshikia ngazi, na kila asubuhi kabla ya salamu ananiambia, "Posta wanasemaje?" Ni mtu mzima sana, Mjomba, na anauliza kwa sauti ya mtoto. Wewe ndiye uliyekuwa na babu mpaka mwisho. Sina mwingine wa kumuuliza.

Mpwa wako


Karakana
30 Machi

Mpwa,

Marahaba. Huku wazima. Anayeandika hapa ni mama wa duka la dawa, mimi nasema tu, miwani yangu imevunjika. Barua zako zote mbili nimezipata. Kiroboto ni mdudu. Huyo mzee mwache na kazi zake. Kama umeamua kushikia watu ngazi huko, shauri yako, hata huku ngazi zipo. Mvua ni nyingi. Paka hajambo.

Mjomba wako

Mwanangu, hapa naongeza yangu bila yeye kujua. Miwani iko usoni kwake, ananitazama nayo sasa hivi. Alianguka alipokuwa akiandika kile kibao cha njano, hakijafika hata nusu. Mguu umefungwa plasta na mkono wa kulia umeteguka. Kichwani hakuna kilichoharibika zaidi ya tulivyokizoea. Anakula, analala, namwangalia. Alinikataza nisikwambie. Barua yako ya mwisho ameisoma mpaka karatasi imelegea. Nikimuuliza atamjibu nini yule mzee, ananiambia nifunge dirisha, na dirisha limefungwa.


Juu ya cherehani
8 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, ingawa leo inatoka kwa shida.

Ulianguka ukanyamaza! Nilikuwa huku nimeshika ngazi ya mtu mwingine, najiona mwema, na wewe umelala chini kwenye tope la mteja wa njano. Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Nina hasira na wewe, na mimi mwenyewe siko pembeni.

Na kwa kuwa umekamatwa, nami nijitaje. Sikukuandikia kwamba nimeanza kufikiria kubaki huku. Hapa wenye maduka wananiita mtoto wa Kiroboto, na wakiniita hivyo natulia kidogo, jambo ambalo sikulipata tangu mama aondoke. Sikukwambia kwa sababu niliogopa ungejibu "haya, kaa," kwa ile sauti yako ya kujitia hujali.

Nakuja kukuuguza. Mfuko nimeufunga, nimeufungua, nimeufunga tena. Lakini siwezi kumwacha huyu mzee bila jibu. Jana hakuniuliza posta wanasemaje. Alichukua ngazi yake akaenda kazini bila mimi, na nilipomfuata alisema tu kwamba hata mbao zenyewe leo si nzito. Ameanza kukata tamaa, na mimi ndiye niliyemwamshia tamaa hiyo.

Niambie alimtaja au hakumtaja. Kama hakumtaja, niambie hivyo hivyo, nitajua namna ya kumfikishia. Ila usinipe tena habari za wadudu.

Mpwa wako


Karakana
16 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Huu ni mwandiko wangu mwenyewe, usiucheke, kidole gumba bado hakijarudi kazini. Mguu unawasha ndani ya plasta, najikuna kwa mpini wa brashi yako ndogo. Utanisamehe. Mama wa duka la dawa nimemfukuza hapa kwa muda. Amekwenda, lakini nasikia pumzi zake mlangoni.

Ni kweli nilianguka na nikakuficha. Nilitaka urudi kwa kuwa unanitaka, si kwa kuwa nimevunjika. Na niliposoma kwamba unamshikia ngazi yule mzee, nilitupa kikombe. Sasa hata chai nakunywa kwa bakuli.

Kiroboto simjui kwa sura. Jina lake nilipata kulisikia ile wiki baba anakufa. Mama yako alikuwa bado njiani kuja. Tulikuwa mimi na baba tu chumbani, na macho yake yalikuwa hayaoni tena. Akaita, "Kiroboto." Nikadhani kuna mdudu anamsumbua, nikakung'uta shuka. Akaita tena, akapapasa mpaka akaupata mkono wangu. "Kiroboto, umekuja?"

Ungefanyaje wewe? Nikaitika. Nikasema, "Nimekuja, baba."

Akaniambia hivi, na kila neno ninalo mpaka leo. "Nilirudi, mwanangu. Nilirudi safari moja. Nilisimama ng'ambo ya barabara, nikakuona uko juu ya ngazi, kijana kamili, unaandika duka la viatu. Ukapiga mstari ukaanzia kulia. Nikashindwa kuvuka. Nitakwambia nini, mtu niliyemwacha hata meno hana? Nikarudi nilikotoka. Lakini nilikiona kibao, Kiroboto. Mkono wako ni mzuri kuliko wangu."

Nikasema, "Asante, baba." Alilala usingizi mzuri siku ile.

Sasa nisikilize. Nimefanya kazi na mtu yule bega kwa bega tangu nikiwa mtoto wa kuosha makopo. Nilikuwa nasubiri aniambie neno hilo. Kila kibao nilichomaliza nilirudi nyuma hatua chache, nikajifanya nakikagua, kumbe namsubiri yeye. Alikuwa akisema, "Haya, kunja ngazi." Basi neno lenyewe lilipokuja nikalipokea kwa jina la mtu mwingine. Liliniuma, na bado linaniuma, mzee mzima na plasta yangu. Ningekwambia Kiroboto ni nani, ungeniuliza nimelijuaje jina lake, na ningelazimika kukueleza hili. Ndiyo maana nikakuambia habari za wadudu.

Maneno hayo ni yake. Usimsomee barua hii. Ikunje, nenda kwake kwa miguu yako, umwambie kwa mdomo kama nilivyoambiwa mimi. Mpe yote, na lile la kushindwa kuvuka pia, usimpunguzie.

Kuhusu kukaa huko: kaa kama unataka. Lakini safari hii siandiki kwa sauti ya kujitia sijali. Najali. Nakumiss humu ndani mpaka paka ameanza kunionea huruma.

Mjomba wako


Juu ya cherehani, nimesimama
24 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Pole na mguu, pole na gumba, pole na kikombe. Msalimie mama wa duka la dawa hapo mlangoni alipo.

Barua ilifika asubuhi. Niliisoma pale pale dirishani mpaka dada wa posta akaniuliza kama kuna msiba. Kisha nikaikunja, nikaenda kwake kwa miguu.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anakoroga rangi. Nikamwambia yote. Nilitoa sauti ya babu kadiri nilivyoweza, ingawa mimi babu simkumbuki vizuri. Nilipofika kwenye duka la viatu akaketi juu ya kopo. Nilipofika kwenye kuvuka barabara akasimama, akatupa kijiti cha kukorogea, akapiga kelele, "Barabara! Barabara tu hii hii!" Jirani akatoka nje kutazama. Nikaogopa kuendelea, lakini ulisema nisimpunguzie, nikamalizia. Mkono wako ni mzuri kuliko wangu.

Akalia, Mjomba. Hakujificha. Na ule mguu wake ulitulia kabisa, sijawahi kuuona umetulia.

Baadaye akajifuta uso kwa kitambaa cha rangi, akawa na shavu moja la buluu. Akaniuliza, "Na huyo aliyeitika. Yeye aliambiwa nini?"

Nikasema, "Hakuambiwa kitu."

"Siku ile?"

"Siku zote."

Kisha akafunika kopo la rangi ambalo hajalitumia hata nusu, akaingia ndani, na nikasikia anavuta sanduku kutoka chini ya kitanda. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema, "Baba hayupo. Mkubwa ni mimi."

Tunafika Jumamosi ya wiki ijayo, barua hii itutangulie. Yeye amekwisha kuvaa viatu vya safari tangu leo, na nimeshindwa kumvua. Mimi narudi nyumbani, Mjomba. Akiukumbuka mji wake tutamrudisha pamoja, na kama hataki kurudi, tutabanana.

Anataka tushuke kituoni tuje kwa miguu mtaa mzima, apite chini ya kila kibao ulichoandika, avione vyote kabla hajafika mlangoni kwako. Najua unachofikiria sasa hivi. Usithubutu kupanda na plasta yako kwenda kurekebisha chochote. Hata kile cha njano kiache kilipoishia ulipoanguka, ameniambia anakitaka hivyo hivyo.

Nilimuuliza akishafika atakuambia nini. Alikuwa anafunga kamba za viatu, hakuinua hata kichwa.

"Aliyeitika si wewe," akasema. "Nitamwambia mwenyewe."

Mpwa wako